Kidonge na Chungu Havigombani

Katika kazi yetu ya uuguzi, na katika huduma ya afya tunayosaidia kanisani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuna maneno mawili tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa watu waliopewa dawa za kupunguza kolesteroli. La kwanza husemwa zaidi na akina baba: "Si nameza dawa? Basi niacheni nile." La pili husemwa zaidi na akina mama: "Siku hizi nimeacha mafuta kabisa, hizo dawa za nini tena?" Maneno haya yanaonekana kupingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanadhani kwamba kidonge cha hospitali na chungu cha jikoni ni wapinzani, na kwamba ukichagua kimoja umekifukuza kingine.

Tumeona hasara ya mawazo haya kwa wagonjwa, na tumekutana nayo nyumbani kwetu pia. Ndiyo sababu tunaandika. Akina mama ndio wanaoshika mwiko katika nyumba nyingi, na ndio wanaokumbusha dawa usiku. Wakilielewa jambo hili vizuri, nyumba nzima itafaidika.

Jinsi lilivyotufikia

Mwaka 2021, kaka mkubwa wa baba watoto alianguka shambani akipalilia migomba, hapa kwetu Kilimanjaro. Hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka 58. Hakuwa mnene, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia kifua. Daktari alituambia kwamba ni moyo, akatushauri ndugu wote wa damu wapimwe.

Baba watoto alikuwa na miaka 51. Shinikizo la damu lilikuwa sawa na sukari ilikuwa sawa. Lakini ile kolesteroli mbaya, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa LDL, ilikuwa 4.6. Kwa mtu ambaye kaka yake amekufa kwa moyo kabla ya kufika miaka 60, daktari hakutaka kusubiri. Aliandika kidonge cha atorvastatini cha miligramu 10 kila siku, halafu akageuka upande wetu akasema, "Na ninyi mtaangalia chakula."

Hebu tuone mgawanyo huo wa kazi. Karatasi ya dawa ilikwenda kwa baba, na maneno ya chakula yakaja kwa mama. Katika nyumba nyingi ndivyo inavyokuwa, na ndipo matatizo yanapoanza, maana kila mmoja hubeba lake na kudhani la mwenzake halimhusu.

Baada ya miezi 3 alipima tena. LDL ilikuwa imeshuka hadi 3.4. Ilikuwa habari njema, lakini daktari alitegemea ishuke zaidi. Aliuliza kama dawa inamezwa kila siku. Ilimezwa, nasi tulikuwa mashahidi. Akauliza kuhusu chakula. Hapo baba watoto akacheka kidogo, akaeleza kwamba nyumbani anakula vizuri, ila asubuhi hupitia supu ya makongoro na chapati mbili kabla ya kufungua duka, na jioni mara 3 au 4 kwa wiki hukaa na wenzake kwenye nyama choma. Akamalizia, "Lakini daktari, si ndiyo kazi ya dawa hiyo?"

Lilikuwa swali la haki, na linastahili jibu zuri.

Ini ni kiwanda, tena ni mfagizi

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Mwili unaihitaji ili kujenga kuta za chembe zake na kutengeneza homoni. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini haitoki kwenye sahani; hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina kazi kubwa hapo. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyegusa nyama anaweza kukutwa nayo nyingi, hasa kama ni ya urithi wa ukoo.

Lakini ini lina kazi ya pili. Juu ya chembe zake lina kama mikono midogo inayoikamata LDL inayopita kwenye damu na kuiingiza ndani. Mikono ikiwa mingi, damu husafishwa. Mikono ikiwa michache, LDL hubaki ikizunguka, nayo hujipenyeza kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka 20 au 30 hupita bila maumivu yoyote, mpaka siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba.

Dawa za jamii ya statini, kama atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini, hupunguza kazi ya kile kiwanda. Ini likiona kolesteroli yake imepungua, hutoa mikono zaidi ili kuivuta iliyo kwenye damu. Hivyo ndivyo kidonge kinavyofanya kazi.

Sasa tuangalie chungu. Mafuta yale yanayoganda yakipoa, kama ya ng'ombe, ya mbuzi, ya nguruwe, siagi na samli, yakiliwa kwa wingi hupunguza mikono ile ile ya ini. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge usiku na kunywa supu yenye mafuta asubuhi, ameweka watu wawili kwenye kamba moja, mmoja anavuta huku na mwingine anavuta kule. Dawa haijashindwa. Imewekewa mpinzani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Ukiongeza kipimo cha statini mara mbili, LDL haishuki mara mbili. Hushuka kwa asilimia 6 hivi zaidi. Kazi kubwa hufanywa na kipimo cha kwanza, na kila nyongeza baada ya hapo huleta kidogo. Kwa hiyo chungu kilichorekebishwa vizuri kinaweza kuleta faida sawa na nyongeza moja ya dawa, au hata kuipita. Hilo halimaanishi kwamba tukatae daktari akiongeza dawa. Maana yake ni kwamba kazi ya jikoni ina uzito wa kweli, wala si mapambo.

Mashahidi wawili kutoka nchi za baridi

Mara nyingine tukisema hivi kwenye semina, mama mmoja huuliza, "Kweli chakula kinaweza kufanya kitu kikubwa namna hiyo?" Sisi huwaeleza habari za Ufini, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya.

Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mkoa mmoja wa huko, Karelia ya Kaskazini, ulikuwa na vifo vya moyo vingi mno, hasa kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Watu wake walikuwa wafugaji na wakata magogo. Siagi ilipakwa kwenye mkate, ilitumika kupikia, na maziwa yalinywewa pamoja na malai yake yote. Mwaka 1972 ulianza mradi wa afya ulioongozwa na daktari kijana aliyeitwa Pekka Puska. Mradi huo haukuanza na vidonge vya kolesteroli, kwani statini zilikuwa bado hazijaingia sokoni. Mtaalamu wa Japani, Akira Endo, alitangaza statini ya kwanza aliyoipata katika ukungu mwaka 1976, na ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani ilikuwa mwaka 1987.

Basi mradi ulianzia wapi? Pamoja na kupiga vita sigara na kutibu shinikizo la damu, uliingia jikoni. Ukaomba msaada kwa chama cha akina mama kilichokuwepo tangu 1899, kinachoitwa kwa jina la Martha, yule wa kwenye Injili aliyehangaika na huduma za nyumba. Akina mama hao waliitana vijijini, wakapika pamoja na kuonjana vyakula vya nyumbani vilivyopunguzwa mafuta na chumvi na kuongezwa mboga. Walianza na vyakula vile vile vya kwao, wala hawakuleta vya kigeni. Katika muda wa miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi katika mkoa ule vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Miaka ya baadaye dawa na matibabu mapya vilisaidia pia, lakini safari ilianza kwenye sufuria. Huyo ndiye shahidi wa chungu.

Shahidi wa kidonge naye anatoka upande huo huo wa dunia. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 5 za kaskazini mwa Ulaya, Ufini ikiwa mojawapo. Wagonjwa 4,444, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa simvastatini na jingine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka 5 na kidogo, kundi lisilo na dawa walikuwa wamekufa watu 256, na kundi la dawa watu 182.

Tafadhali tusisahau jambo moja kuhusu utafiti huo: wagonjwa wote, wa makundi yote mawili, walikuwa wamewekwa kwanza kwenye chakula cha kupunguza kolesteroli. Kidonge hakikulinganishwa na chungu. Kiliwekwa juu ya chungu, na hata hapo kikaokoa maisha zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulivyopanga chungu chetu

Baada ya swali la daktari, nyumbani kwetu tulikaa chini, baba watoto, sisi na watoto wakubwa. Hatukutaka kumpikia baba sufuria yake ya peke yake kama mgonjwa wa wodini. Watoto wale ni wa ukoo ule ule uliompoteza baba yao mkubwa, na chakula kinachofaa kwa baba kinawafaa na wao. Tulikubaliana mambo machache.

La kwanza lilikuwa mafuta yenyewe. Si mafuta yote yanafanana. Katika mafuta ya nazi, zaidi ya sehemu 80 kwa 100 ni ya aina inayogandisha. Mawese yana nusu hivi. Samli ina zaidi ya nusu. Karanga zina kama sehemu 20 au pungufu, na alizeti, ambayo inalimwa kwa wingi Singida na Dodoma, ina kama 11 tu. Watu wengi huamini kwamba mafuta yakitoka kwenye mmea hayana kolesteroli, basi hayana neno. Ni kweli mmea hauna kolesteroli, lakini kinacholisumbua ini zaidi ni hayo mafuta yanayogandisha. Tukachagua alizeti. Yale ya mgando ya kwenye makopo tunayakwepa, kwani baadhi yake hutengenezwa kwa njia inayoacha mafuta mabaya zaidi ya yote, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi ziyaondoe kwenye vyakula.

Aina nzuri nayo ina kiasi chake. Tulitembelea nyumba moja ya watu 6 ambayo lita moja ya mafuta ilikuwa ikiisha kwa siku 4. Ukigawanya, ni karibu vijiko 3 vya chakula kwa kila mtu kila siku. Tulimshauri mama wa nyumba ile aache kumimina kutoka kwenye chupa, atumie kijiko. Lita ile ile sasa inafika siku 10, na hakuna aliyelalamika kwamba mchicha umekosa ladha. Kitunguu, nyanya, karoti, tangawizi na ndimu hufanya kazi ambayo tulizoea kuyaachia mafuta.

La pili lilikuwa nyama. Hatukuifukuza, kwani Mchagga na nyama ni marafiki wa zamani. Tulipunguza siku zake hadi mbili kwa wiki, na tunachagua steki isiyo na mafuta. Siku nyingine ni maharage, choroko, kunde, dagaa au samaki. Kuku huvuliwa ngozi. Jioni ya baba na wenzake haikuvunjwa, maana urafiki nao ni afya. Ila sasa ni mara moja kwa wiki, na huagiza samaki wa kuchoma au nyama isiyo na mafuta, pamoja na kachumbari nyingi.

La tatu lilikuwa kuongeza, kwa sababu mtu akinyimwa tu huchoka haraka. Maharage, dengu, bamia, shayiri na matunda kama mapera na machungwa yana nyuzinyuzi za aina inayoteleza. Zikifika tumboni hushika majimaji ya nyongo na kutoka nayo. Nyongo hiyo ini huitengeneza kwa kolesteroli, hivyo ini hulazimika kuvuta kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyongo mpya. Mnaona tena, ni njia nyingine ya kusaidiana na kidonge. Kwa hiyo maharage, ambayo wengine huyaita chakula cha shule, hupikwa kwetu karibu kila siku. Ugali ni wa dona. Mkate hupakwa parachichi badala ya siagi, na maparachichi tunayo mpaka yanaoza chini ya miti. Karanga kiganja kimoja zimechukua nafasi ya mandazi ya saa nne.

La nne lilikuwa kahawa. Kahawa ya kuchemsha, inayonyweka pamoja na unga wake, ina mafuta yake ya asili yanayopandisha LDL. Ikichujwa kwa karatasi, mafuta hayo hubaki kwenye karatasi. Baba watoto alikuwa akinywa vikombe 5 kwa siku. Sasa huchuja, na anasema ladha ni ile ile.

Mama mkwe na mtori

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa kwa baba, ilikuwa kwa mama yake. Mama mkwe ni mtu mzima wa miaka 79, aliyelea watoto 7 kwa maziwa, ndizi na mtori wenye samli. Alikuwa amezika mtoto mmoja, na kwake yeye mtoto aliyebaki alipaswa kunenepeshwa ili asifuate. Siku moja alikuja, akaangalia sahani ya mwanawe, akasema, "Ninyi watu wa hospitali, mnamlisha mwanangu majani kama mbuzi!" Machozi yalimlenga.

Akina mama, maneno kama hayo hayajibiwi kwa karatasi ya maabara. Tulimwambia, "Mama, tunaogopa kitu kile kile unachokiogopa." Halafu tukamwomba atufundishe mtori wake, ila kwa utaratibu mpya. Mifupa na nyama huchemshwa jana yake jioni na kuachwa ipoe usiku. Asubuhi mafuta yote huwa yameganda juu kama barafu, nasi huyatoa kwa kijiko. Supu inayobaki hupikiwa ndizi, zikapondwa pamoja na nyama isiyo na mafuta, kitunguu na maziwa kidogo yaliyoondolewa malai. Mara ya kwanza mama mwenyewe aliinua ile sahani ya mafuta yaliyoondolewa, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Haya yote yalikuwa yanaingia kwa wanangu." Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wetu mkubwa, na wakati wa Krismasi, ukoo unapokusanyika na mbuzi kuchinjwa, ndiye anayesema nani asiongezewe.

Hatari ya upande wa pili

Sasa tugeukie lile neno la pili, la wale wanaotengeneza chakula na kuacha dawa. Katika jumuiya yetu alikuwepo mama mmoja, mcha Mungu na mwenye bidii, aliyekuwa anatumia statini kwa sababu ya kisukari na kolesteroli. Alibadilisha chakula kweli kweli, na baada ya miezi 6 vipimo vyake vilikuwa vizuri. Jirani akamwambia amepona, atafune tu vitunguu saumu. Akaacha dawa bila kumwambia mtu. Miezi michache baadaye alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia hadi leo haushiki kikombe.

Hatusemi kwa hakika kwamba kama angeendelea na dawa yasingempata. Hilo analijua Mungu. Lakini tunalojua ni hili: ukiacha statini, ndani ya wiki chache kiwanda cha ini hurudia kasi yake ya zamani, na kolesteroli hupanda. Vipimo vizuri havikuwa dalili kwamba dawa haihitajiki tena. Vilikuwa dalili kwamba dawa na chakula vinafanya kazi. Hatuondoi nguzo kwa sababu paa limesimama.

Kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au mwenye kolesteroli ya urithi, chakula peke yake mara nyingi hakitoshi hata akila kwa uangalifu wa namna gani. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anakosa imani au bidii kwa kuwa bado anameza dawa ni kumbebesha mzigo usio wake.

Maswali tunayoulizwa

Je, kuna chakula kinachogombana na dawa yenyewe? Kipo. Ni balungi, lile tunda kubwa chungu la jamii ya machungwa. Lina kitu kinachozuia utumbo kuivunja dawa, hivyo dawa nyingi huingia kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa na inaweza kudhuru misuli. Hii huhusu zaidi simvastatini na pia atorvastatini. Machungwa ya kawaida na machenza hayana shida hiyo.

Je, siku za kufunga nifanyeje? Simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini zinaweza kumezwa na maji bila chakula, kwa hiyo mfungo wa Kwaresima si sababu ya kuziruka. Simvastatini humezwa jioni. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya kufunga, kwa sababu ya dawa zake nyingine.

Je, mama anayetaka kuzaa? Hili ni muhimu kwa wasomaji wetu. Dawa hizi kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito, na haishauriwi kunyonyesha huku ukizitumia. Mwambie daktari mapema unapopanga mimba, na ukigundua umeshika mimba mwone haraka.

Je, misuli ikiuma? Maumivu madogo yapo kwa watu wengine, na mara nyingi daktari anaweza kubadilisha aina au kipimo. Lakini misuli ikiuma sana na kulegea, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Je, dawa nyingine? Taja kila unachotumia: dawa za kufubaza virusi, dawa za fangasi, antibayotiki kama erithromaisini, na mizizi ya kienyeji. Baadhi haviendi pamoja na statini.

Tulipofikia

Baada ya miezi mingine 3 ya chungu kipya pamoja na kidonge kile kile, LDL ya baba watoto ilikuwa 2.8. Daktari alifurahi, lakini kwa sababu ya historia ya ukoo alitaka ishuke zaidi, akaongeza dawa kutoka miligramu 10 hadi 20. Baba watoto alitutazama kwa huruma, kana kwamba jiko letu limeshindwa mtihani. Hatukuona hivyo. Chungu kilifanya sehemu yake na kidonge kiliongezewa sehemu yake. Kipimo kilichofuata kilikuwa 2.5, na tangu hapo kimekaa karibu na hapo.

Basi, mama mpendwa, kama nyumbani kwako yupo anayetumia dawa hizi, awe mume, mama mzazi, au wewe mwenyewe, tunakuomba mambo manne tu. Nenda naye kliniki, ili maneno ya dawa na ya chakula muyasikie wote wawili. Mpikie kile ambacho nyumba nzima inakula. Hakikisha anapima tena miezi 1 hadi 3 baada ya kuanza dawa au kubadilisha kipimo, na baada ya hapo kama daktari atakavyopanga, na tunza karatasi zote kwenye bahasha moja. Na asiache dawa mpaka daktari aliyeiandika aseme.

Leo jioni, kabla ya kuwasha jiko, ichukue chupa ya mafuta na kijiko. Ondoa kofia ya chupa, pima, kisha funga. Halafu usiku, watoto wakiisha kulala, uliza kwa upole, "Baba, umemeza?"